Moshi wa Korosho Ulionitoa Chumbani

Bwana apewe sifa, ndugu zangu wa Nachingwea. Asifiwe hata na sisi ambao bado hatujaelewa vizuri alichotufanyia. Mimi ni kitinda mimba wa Mama Agnesi wa kule Nkowe, Ruangwa. Nasoma kilimo chuo kikuu, na mchungaji ameniomba nisimulie ule mwaka niliokwenda kusoma Finland, kwa mpango wa vyuo kubadilishana wanafunzi. Nilimwambia ushuhuda wangu haujanyooka. Akasema, "Usimulie hivyo hivyo ulivyopinda."

Nilikwenda kwa furaha. Kanisani kwetu waliniwekea mikono. Jirani yetu Bibi Somoe, ambaye ni Mwislamu na amenilea kama mjukuu, naye aliniombea dua, kisha akanipa mfuko wa korosho ghafi, na maganda yake. Mama akauliza kwa nini asinipe zilizobanguliwa. Bibi akasema, "Hizo atazimaliza kwenye ndege. Hizi atachoma mwenyewe siku akitukumbuka." Uwanja wa ndege hakuna aliyeniuliza kitu, nami nikapita nazo.

Kule ndiko nilikochanganyikiwa, na sitanii. Baridi nilikuwa nimeambiwa, giza sikuambiwa. Jua likawa linachungulia kidogo na kuondoka. Naenda darasani giza, natoka giza, mwili haujui kama ni saa ya uji au saa ya ugali. Lakini giza ningelizoea. Kilichonivuruga ni watu. Kwetu ukitoka Nkowe na baiskeli, ukifika Ruangwa mjini umeshasalimia mpaka mdomo umekauka. Kule nikimsalimia mtu kituo cha basi, anageuka kuangalia nyuma yake, anadhani nasema na mwingine. Nikawaza labda nanuka. Jirani yangu wa mlango wa pili, dada mmoja anaitwa Aino, tulikuwa tunatumia naye jiko moja, lakini akisikia nipo jikoni anasubiri nitoke ndipo aingie. Baadaye nilielewa kwamba kwao hiyo ni heshima, kumwachia mwenzio nafasi. Wakati ule niliamini ananichukia.

Nikaenda kanisani. Watu wamekaa mbali mbali, kimya, nikadhani kuna msiba. Hakuna aliyenisema vibaya. Hakuna aliyenisemesha chochote.

Basi nikaacha kusalimia. Kisha nikaacha vipindi, kimoja kimoja. Nikipiga magoti maneno hayaji, nabaki nasikiliza bomba la kupasha joto linavyogugumia ukutani. Mama akipiga simu namwambia niko salama. Ndugu zangu, niliogopa akili yangu inaniacha. Nikaamua kurudi nyumbani katikati ya mwaka, ingawa nilijua nikirudi hivyo masomo yale yamekufa na nafasi nyingine sitapewa. Nikafunga begi.

Katika kufunga begi nikaukuta mfuko wa Bibi Somoe. Nikasema, nikirudi nazo bibi ataumia, bora nizile. Sasa sikilizeni akili ya mtoto wa mkulima wa korosho. Nyote hapa mnajua korosho ghafi haichomwi ndani. Inachomwa nje, juu ya bati, na ganda likianza kutema mafuta unakaa mbali. Mimi nikalitazama lile jiko la umeme, halina kuni, halina mwali, nikajiuliza moshi utatokea wapi. Nikaweka sufuria, nikamwaga korosho, na madirisha nikafunga kwa sababu ya baridi.

Nikiwa nakoroga, ombi likanitoka, la kwanza baada ya muda mrefu, nalo lilikuwa fupi. Nikasema, "Bwana, nitoe humu."

Alinitoa, ndugu zangu. Maganda yakatema mafuta, mafuta yakashika moto, ule moshi mweusi unaowasha macho ukajaa jikoni na kwenye korido, king'ora kikalia jengo zima. Niliwahi kuzima jiko na kufunika sufuria, nikakimbia. Nikasimama kwenye theluji na singlendi na kandambili, machozi yananitoka, huku milango ambayo sikuwahi kuiona ikifunguka inamwaga watu. Wengine sikujua kama wanaishi mle. Zimamoto wakaja. Nikajua sasa siondoki tena kwa hiari yangu, nafukuzwa.

Aino akanijia. Akavua skafu yake, akanizungushia shingoni, akauliza nilikuwa napika nini. Nikasema korosho. Akasema, "Hapana, korosho ni nyeupe, zipo dukani."

Hapo nikakasirika, na ile hasira ikanirudishia sauti. Nikaanza kueleza: mkorosho, tunda lake la bibo, ganda, mafuta, Bibi Somoe na bati lake. Watu wakasogea. Mzimamoto mmoja akatoka na sufuria, ameishika mbali kama ameshika nyoka. Nikaiomba, nikamwaga korosho kwenye theluji, nikaokota jiwe, nikaanza kubangua. Nyingi zilikuwa zimeungua, lakini nyingine zilikuwa nzuri kabisa. Niliwaonya wasiguse midomo kwa vidole vyenye mafuta yale yanayobabua, hawakusikia. Yule mzimamoto naye alikula, akaomba nyingine.

Tukiwa tumechuchumaa pale, Aino akaniambia, "Nilipenda ulivyokuwa unasalimia. Ulipoacha, tukafikiri umeshazoea."

Sikujua nicheke au nilie, nikafanya yote mawili. Nilipewa onyo na kazi ya kusugua jiko lote, na Aino akanisaidia kusugua. Begi sikulifungua siku hiyo. Nilikuwa natoa nguo moja moja kadiri ninavyohitaji, mpaka likabaki tupu lenyewe. Giza liliendelea, na siku nyingine maneno ya kuomba bado hayakuja. Lakini vipindi nilirudi, na mwaka niliumaliza.

Mtaniuliza, je, yule alikuwa Mungu au ulikuwa ujinga wako? Sijui mpaka kati ya hayo mawili uko wapi. Nilimwomba anitoe katika nchi ile, yeye akanitoa chumbani tu, akaniacha nchini. Bado jambo hilo linanichanganya. Ila nilikuwa nazama na sikuzama, na kwa hilo namshukuru hata kabla sijaelewa.

Leo Bibi Somoe ametuma korosho. Vijana wameshaweka bati nyuma ya kanisa, nje, ndugu zangu, nje. Na tangu nimesimama hapa namwona ndugu mmoja kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango. Nimeambiwa amehamia juzi juzi kutoka upande wa Msumbiji, na kila Jumapili anatoka kabla hatujamaliza wimbo. Huenda anapenda kimya. Huenda sisi ndio tumefikiri ameshazoea. Ndugu yangu, mtegemee Bwana, hata kama leo mkono aliokunyooshea ni huu wetu wenye mafuta ya korosho. Usitoke bado. Njoo tubangue.