Wilhelmina Masunga na Ramani Isiyotakiwa Kubanwa

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika chama chetu cha wafugaji hapa Bariadi, mchora ramani wetu, Mama Wilhelmina Masunga, anastaafu tarehe 30 Juni. Kamati imeniagiza niandike kwa furaha. Nimejaribu.

Alianza kwa wino na rula, ofisi ikiwa chumba kimoja Somanda, mkali kama pilipili tangu siku ya kwanza. Ukiweka kikombe cha chai juu ya ramani yake, umeitafuta siku mbaya. Kompyuta zilipokuja alizinunia, kisha akazizoea kutushinda sote. Ramani ya malambo ya kunyweshea mifugo kwenye tovuti yetu ni kazi yake. Si picha, ni mistari inayochorwa upya kwenye kila kioo cha kompyuta au simu, ndiyo maana haififii hata ukiikuza.

Tatizo lilikuwa simu. Mchoro ulipangiwa vipimo vya kompyuta, na kwenye simu upande wote wa Meatu, mashariki, ulikatika. Mama Wilhelmina akaulazimisha ujae kioo, upana na urefu, nasi tukapiga makofi. Hakuna aliyekumbuka kwamba wafugaji wetu hupima safari kwa kidole: upana wa kidole kimoja juu ya ramani ni asubuhi moja ya kuswaga ng'ombe. Kwenye simu nyembamba ramani ilibanwa ubavuni, na mashariki ikaonekana karibu. Mzee Mboje wa Malampaka alipima vidole viwili hadi kwenye lambo, akaondoka na kundi lake. Kumbe vilikuwa vinne. Nusu ya ng'ombe walibaki njiani.

Alikuja ofisini akaamkia kwa Kisukuma "Mwangaluka, mayu," yaani habari za asubuhi, mama, kwa adabu zote, ndipo akasimulia. Afadhali angetutukana. Mama Wilhelmina hakugusa chakula siku hiyo.

Alichofanya baadaye ndicho kazi yake kubwa kuliko zote. Aliondoa vile vipimo vya lazima, akaacha fremu inayoshika mipaka na uwiano wa mchoro, akauagiza uchukue upana wa kioo chochote na urefu ufuate wenyewe. Na kwa kuwa kidole hakibadiliki ilhali ramani hubadilika kwa kila simu, akachora ndani yake mstari mfupi wenye ng'ombe juu: asubuhi moja ya mwendo. Ramani ikipungua, mstari nao hupungua. Tangu hapo Mboje alipima kwa bua la nyasi alilokata kwa urefu wa mstari huo, na hakupoteza ndama.

Natamani niishie hapo. Lakini mwezi uliopita tuliletewa tovuti mpya, waliyoitengeneza huko mbali watu ambao hawajawahi kuswaga hata mbuzi. Ramani imelazimishwa tena kujaa kioo. Mstari wa ng'ombe wameufuta, eti unaharibu mwonekano. Mama Wilhelmina ameomba marekebisho, akaomba tena, hajajibiwa. Nafasi yake haitajazwa. Mvua zimekuwa haba na makundi yameanza kuondoka. Sioni wa kuirekebisha ramani ile, na ninaogopa.

Mama Wilhelmina, asante kwa ukali wako na kwa mkono wako. Nenda salama Mwamanyili, ulime mpunga, ulale mchana bila kuulizwa na mtu. Tunakuombea pumziko jema, ingawa tumeshaanza kuliharibu: tumewapa wafugaji namba yako ya simu. Tusamehe. Hatuna nyingine ya kuwapa.