Nne Aliyoiandika Wangechi

Ninyi mlioketi kwa hema ya mbele, yenye viti vya vitambaa, nani kati yenu aliwahi kuuliza ile rangi ya kijani ilikuwa ya siku gani?

Marehemu Wangechi Theuri alizaliwa tarehe 3 Machi 1994 huko Gatitu, kifungua mimba wa Mzee Theuri na Mama Wakiuru, akasomea shule ya msingi papo hapo, sekondari Mukurweini, kisha chuo kikuu, akahitimu digrii ya kompyuta mwaka 2017, halafu akatarmac miaka minne akitafuta kazi, kama ndugu yake Kingori anayewasomea haya anavyotarmac hadi leo. Tarehe 12 Desemba 2020 alifunga ndoa na Jamleck Njeru wa Embu, wakajaliwa binti, Kaari, jina la mama yake Jamleck.

Mwaka 2021 alipata kibarua cha kukagua skrini ya damu, ile inayowaonyesha manesi kwa michoro na rangi hospitali gani iko na damu gani, wakaguzi wakiwa watatu, kila mmoja akiipima peke yake kwa kanuni kumi za wataalamu wa kompyuta na kuipa kila kasoro alama, sifuri ikiwa si kitu, nne ikiwa mtu anaweza kufa. Wangechi akaona skrini haisemi habari zake ni za lini, damu ikiisha Jumatatu kijani, yaani damu ipo, inabaki kijani hadi mtu akumbuke kuibadilisha, akaandika nne. Wenzake wawili wakaandika moja moja, wakamcheka, ati wewe Wangechi unapenda drama, na wakubwa wa mradi wakajumlisha, wakagawanya kwa tatu, wakapata mbili, kasoro ndogo, itarekebishwa nafasi ikipatikana, skrini ikazinduliwa kwa keki, na yeye kandarasi yake ikaishia hapo.

Asubuhi ya tarehe 9 Mei 2025, baada ya kujifungua binti wa pili, Wakiuru, katika kituo kimoja cha afya, alianza kuvuja damu, nesi akaangalia skrini, akaona hospitali moja ni kijani, wakakimbizwa huko, na Jamleck anasema njiani Wangechi aliuliza mara mbili hiyo kijani ni ya lini. Huko damu ilikuwa imeisha siku mbili kabla. Alikata roho wakielekea hospitali ya pili, saa tano na dakika ishirini, akiwa na miaka 31.

Familia inamshukuru nesi aliyembana tumbo kwa mikono hadi vidole vikafa ganzi, dereva wa ambulensi, majirani wa Gatitu walioleta kuni na maji bila kuitwa, na hata wale wenzake wawili, shada lenu kubwa tumeliona.

Lala, Wangechi, utulie, kazi yako uliimaliza. Na ninyi wakubwa wa mradi mlio hema ya mbele, hotuba zenu hatuzitaki: zimeni hiyo skrini leo hadi iandikwe tarehe, na kwa ile ripoti mrudishe nne yake, nzima, bila kugawanya.