Libérate Kankindi, Mshika Mapigo wa Uvira

Wasikilizaji wapendwa, mlioko kando ya ziwa, mlioko bondeni Ruzizi, na ninyi wa milimani mnaosikiliza redio moja nyumba tano, sogeeni karibu. Anayetwanga apumzishe mchi kidogo. Leo tunamkumbuka Libérate Kankindi. Alifariki Uvira wiki mbili zilizopita, baada ya homa ya siku tisa. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja.

Wengi hamkumjua kwa jina. Lakini kama uliwahi kupasuliwa pale hospitalini kati ya mwaka hamsini na moja na mwaka huu wa hamsini na tisa, basi mkono wake ulikushika. Kazi yake ilikuwa hiyo moja. Alishika mapigo.

Mtu anapopewa dawa ya usingizi, wasikilizaji wapendwa, halali kama tunavyolala sisi. Anashuka mteremko mkali. Damu inaweza kupoteza nguvu mishipani. Moyo unaweza kukimbia ovyo, au kulegea. Daktari ana sindano mkononi, hawezi kuangalia kila kitu. Lazima awepo mtu wa kumwambia: anashuka vizuri, au anaanguka. Mtu huyo alikuwa Libérate.

Alizaliwa Rurambo, juu kule kwenye ng'ombe. Baba yake alikamua, na Libérate alishika ndama. Alimshika kifuani, chini ya mguu wa mbele, na hapo ndipo vidole vyake vilipojifunza moyo ni kitu gani. Shule aliianza, akafika darasa la tatu. Mama yao akafa. Libérate akarudi nyumbani kulea wadogo zake, na shule ikaishia hapo.

Mdogo wake, Protais, alicheka kidogo alipotusimulia, ingawa macho yalikuwa mekundu. "Yaya, dada yetu mukubwa, alikuwa na haya sana," alisema. "Kuku ya jirani ikiingia kukula muhindi yetu, yeye anangojea ishibe."

Mwaka wa arobaini na tisa alishuka Uvira, akapata kazi ya kufua mashuka ya hospitali. Siku moja mfuaji mwenzake alizimia kwenye jua. Watu wakakimbilia maji. Libérate akapiga magoti, akashika kifundo cha mkono wa yule mwanamke, akatulia. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Anarudi." Mwanamke alikuwa bado amelala kama gogo. Alifumbua macho baadaye. Masera Apolline, mtawa aliyeangalia chumba cha upasuaji, alikuwa amesimama nyuma yao. Hakusema kitu siku hiyo. Wiki iliyofuata alimtoa Libérate kwenye mashuka, akamweka kichwani pa wagonjwa wanaopasuliwa, ashike mapigo.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo Libérate mwenyewe aliwaambia wasaidizi wote waliokuja kujifunza kwake. Ndugu zake wameturuhusu tuliseme, na mjane anayehusika ameturuhusu pia.

Mwaka wa hamsini na moja aliletwa Ngongo Asani, fundi cherehani wa mtaa wa Rugenge. Utumbo wake ulikuwa umejisokota. Alikuwa ametapika siku mbili na mwili umekauka. Daktari, ambaye ni Mzungu, alianza kumwingizia dawa ya usingizi mshipani. Libérate alikuwa ameshika mkono. Dawa ilipofika nusu, mapigo yakawa membamba kama uzi. Libérate alijua. Vidole vyake vilijua kabla ya mtu yeyote mle ndani.

Akanyamaza.

Kwao Rurambo, wasikilizaji wapendwa, anayekamua haongeleshwi. Hata mgeni akifika na habari ya msiba, atasimama pembeni mpaka chombo kijae. Libérate alimwona daktari ameinama, ametulia, macho yako kwenye kazi ya mikono yake. Akafanya kama alivyofunzwa tangu utoto. Akangoja amalize. Daktari alipoinua kichwa, Ngongo alikuwa amekwisha kwenda. Walimkandamiza kifua apumue, walimpa kila walichokuwa nacho. Hakurudi.

Daktari aliuliza mapigo yaliharibika lini. Libérate akajibu kweli: tangu nusu ya dawa. Daktari hakumgombeza. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akamwambia kwamba siku nyingine amkatize, hata kama anasali. Tangu hapo alimfundisha kutumia kifaa cha kupimia tansio, ile nguvu ya damu, chenye mfuko wa mpira unaofungwa mkononi. Libérate akajua namba zake zote. Akajua pia kutuliza moyo kabla ya sindano. Alimwinamia mgonjwa, akamuuliza kilima chao kinaitwaje, ng'ombe wao wa kwanza alikuwa na rangi gani. Aliwaambia wanafunzi wake kwamba moyo unaoingia usingizini mbio huanguka vibaya.

Lakini kulikuwa na jambo hakuliweza. Mjane wa Ngongo, Mama Feza, aliambiwa tu kwamba mumewe alizidiwa. Libérate akimwona sokoni, alibadili njia. Miaka mitano alibadili njia.

Ikafika Aprili ya mwaka hamsini na sita, mwezi wa Ramadhani. Asubuhi moja Mama Feza akaingia hospitalini na binti yake Sharifa mgongoni, msichana wa miaka kumi na saba. Kidole tumbo kilikuwa kimevimba, karibu kupasuka. Daktari alisema lazima apasuliwe saa ileile.

Libérate alikuwa ananawa mikono. Angeweza kunyamaza tena, na hakuna ambaye angejua. Alifuta mikono, akatoka kwenye baraza, akasimama mbele ya Mama Feza. Akasema, "Mama, siku bwana yako alikufa, mimi njo nilikuwa nimeshika mukono yake. Niliona anaenda. Nilinyamaza."

"Miaka tano unanikimbia mu njia," Mama Feza alisema. "Nilifikiri unanizarau juu ya ndakala, hii dagaa ninayouzisha."

Libérate alimwambia kwamba kuna mfanyakazi mwingine anayeweza kushika mapigo ya Sharifa, si mzoefu sana, lakini mkono wake hauna deni la damu. Mama achague.

"Leo ukiona mubaya, utasema?"

"Nitasema."

"Hata muzungu akikasirika?"

"Hata akikasirika."

"Basi enda umushike," Mama Feza alisema. "Ukinyamaza tena, usirudie kuniambia."

Libérate akaingia. Sharifa alikuwa mezani. Mapigo yake yalikuwa mia na thelathini, membamba, yanaruka. Si ya hofu peke yake. Libérate aliyafahamu mapigo yale. Aliwahi kuyashika. Akamwinamia msichana, akamwomba atoe ulimi. Ulimi ulikuwa mkavu kama ganda la karanga. Akamuuliza polepole, na Sharifa akamnong'oneza kwamba amefunga siku tatu. Mama yake alimwambia mgonjwa haamriwi kufunga, naye akadanganya kwamba anakula. Jioni alipojaribu kunywa, alitapika.

Daktari alikuwa tayari ameshika sindano. Amejikunja juu ya mkono wa msichana, macho yako kwenye mshipa.

"Munganga, ngoja."

Daktari alisema kidole tumbo hakingoji. Libérate, yule yule aliyemngojea kuku ashibe, akanyoosha kiganja na kukiweka juu ya bomba la sindano.

"Mwili iko mukavu," alisema. "Kama Ngongo. Tumupe maji kwanza."

Masera Apolline alituambia kwamba hakumbuki kama alipumua. Daktari aliushika mwenyewe mkono wa Sharifa, akahesabu. Kisha akaweka sindano chini na kuagiza serumu, yale maji ya chumvi ya mshipani. Chupa ya kwanza iliingia, ya pili ikafuata. Mapigo yakaanza kunenepa. Hapo ndipo dawa ya usingizi ilipoanza kuingia, kidogo, kisha ngoja. Kidogo tena, kisha ngoja. Na kila mara sauti ya Libérate ilisikika, bila kuulizwa. Tansio ni tisa. Iko palepale. Imeshuka kidogo, ngoja. Imerudi, endelea. Wafanyakazi wanasema hawakuwa wamewahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa siku moja.

Sharifa alilala. Moyo wake haukuanguka. Aliamka mchana akaulizia mama yake.

Libérate alitoka tena barazani. Alimweleza Mama Feza yote, tangu ulimi mpaka chupa ya pili, na hakuficha kwamba aliogopa. Mama Feza alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akamwambia akae kando yake.

Wasikilizaji wapendwa, Libérate Kankindi alizikwa kwa misa, watu wa milimani wakashuka wengi. Katikati ya wanawake Wakatoliki alikaa Mama Feza, amejifunika kichwa, siku zote tatu za kilio. Mtu mmoja alimuuliza ana undugu gani na marehemu. Akajibu hivi, nasi tunayarudia maneno yake kama tulivyopewa: "Mu mukono yake bwana yangu alikufa. Mu mukono yake mutoto yangu akapona. Yote mbili ni yeye mwenyewe aliniambia."

Tunawapa pole Protais na wadogo wote wa Libérate kule Rurambo, waliolelewa na dada aliyeacha shule kwa ajili yao. Tunawapa pole Masera Apolline na wote wa chumba cha upasuaji. Tunawapa pole Mama Feza, na Sharifa, ambaye sasa ananyonyesha. Mungu ampokee Libérate mahali pema.

Na sisi tuliobaki, tukae kidogo na jambo hili kabla ya kurudi kwenye kazi zetu. Huenda liko neno unalijua, na mwenye haki ya kulisikia hajaambiwa. Uvira si mji mkubwa. Nyumba yake unaijua.