Saa Iliyomkataa Mkwe

Kwenye benchi la mtaa wa Igogo, mbele ya ghala la pamba lililofungwa, Revocatus alikaa na jambo zito rohoni. Wenzake humwita Dakika. Enzi za kiwanda cha nguo alikusanya saa za mkono hadi zikajaa bati la biskuti, na mpaka leo kila asubuhi huzitia ufunguo moja moja. Ila hii ya Uswisi, aliyoletewa na Antoni wa kiwanda cha samaki alipomposa bintiye Evelina, haina haja ya ufunguo. Mkononi mwa Antoni ilitembea, kwake inasimama. Jioni Antoni anakuja kusikia jibu, na Dakika ameshaamua kumrudishia saa pamoja na posa yake. Ilimuuma, maana kijana alimpenda.

— Imekukataa, alisema Redio, ambaye habari zote huanzia kwake. Kitu kikimkataa baba, kitamkubali binti?

Mbunge, aliyepewa jina hilo kwa ahadi zake, aliubandua mgongo wa saa kwa kisu.

— Humu mna kichuma cha nusu duara kinacheza ovyo. Wazungu wamesahau kukikaza.

— Waswisi hawasahau, alisema Redio. Ni baridi ya ziwa, inagandisha mafuta.

— Antoni si anashinda kwenye barafu ya samaki? aliuliza Mbunge.

— Basi imezoea barafu. Huku inaungua.

Dakika hakujua ashike lipi.

— Jana nimeshinda nayo hapahapa, sijaivua. Ikasimama.

— Imebinafsishwa hiyo, alisema Mbunge akiufunga mgongo. Dakika zake zina mwenyewe huko Ulaya, anazikata akitaka.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, Redio alimalizia, asijue jembe linaingiaje.

Dakika alikuwa anaivaa tena saa wakati Teodora, mpangaji mpya wa jirani, alipofika kununua kahawa inayouzwa hapo benchini.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

Aliitazama saa iliyosimama, akamtazama mwenyewe.

— Samahani, baba. Mkono huo kutwa nzima unaufanyia kazi gani?

Redio alikoroga kahawa isiyo na sukari. Tangu apunguzwe kazini, Dakika hufika hapa asubuhi, huuweka mkono pajani, na hapo hushinda. Aibu ilimshika. Aliinua kikombe kwa mkono wenye saa aufiche uso, na kilipofika mdomoni akasikia saa imeanza kugonga tik-tik.

Jioni Antoni alimkuta mkwewe palepale, anainua kikombe kitupu.