Dada Yetu wa Duka la Vitabu

Wapendwa waombolezaji, ndugu, majirani na wateja wa duka, familia imenituma mimi mdogo wake niwasomee maisha ya dada yetu, nami nitajitahidi sauti isinikauke.

Dada alizaliwa tarehe 12 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa karani wa posta, akasoma shule ya msingi karibu na nyumbani, kisha sekondari ya bweni, ambako aliadhibiwa mara nyingi kwa kusoma hadithi chini ya dawati, akahitimu ualimu mwaka 1983 na kufundisha darasa la kwanza. Mwaka 1986 alifunga ndoa na shemeji yetu seremala, mtu wa maneno machache, na mwaka 1989 Mungu akawajalia binti, ambaye kwa jinsi asivyojua kunyamaza tulimwita Chiriku.

Kila jioni dada alimsomea Chiriku, na Agosti 1997, mtoto alipofariki kwa homa ya uti wa mgongo, hadithi waliyokuwa nayo ilikuwa imebaki sura moja. Dada akaacha kazi, akajifungia chumbani, hakutaka kuona mtoto wa mtu, tukadhani naye tumempoteza. Shemeji alipopata kazi ya kutengeneza rafu za duka la vitabu alimchukua akamshikie mbao, na basi, akaenda kushika mbao na hakutaka kurudi nyumbani, mwenye duka akamwajiri, na alipozeeka akamwachia duka.

Lakini dada hakumaliza kitabu tena, kila kimoja alikifunga akifika sura ya mwisho, na hakumwambia mtu. Ndivyo alivyomuuzia mshonaji mmoja, aliyefiwa na mume juzijuzi tu, hadithi aliyoisifu kuwa inachekesha mwanzo mwisho, kumbe mwishoni bwana anakufa. Mshonaji alirudi amefura.

"Mama wewe, hiki kitabu umekisoma kweli?"

Dada akashindwa kudanganya, akamweleza habari za Chiriku, wakalia wote wawili palepale dukani. Tangu hapo mshonaji akawa shoga yake wa kufa na kuzikana, siri ikawafikia wateja, nao wakawa wanarudi kumsimulia miisho ya vitabu, naye akiwabishia na kucheka hadi kujishika mbavu, na kidogo kidogo akapona, akagundua ualimu haujamtoka, akaanza kuwasomea watoto wa mtaa kila Jumamosi, ila sura ya mwisho aliwaachia wasome wenyewe.

Mwaka jana alipatikana na saratani ya ini. Wiki iliyopita aliagiza kile kitabu cha Chiriku kitolewe kabatini, akamwomba shoga yake amsomee sura iliyobaki, na shemeji alitoka nje, kisha akarudi akakaa. Ilipokwisha, dada aliomba isomwe tena, polepole, asije akaikosea atakapomsimulia mtoto. Alifariki Jumanne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani waliolala nasi msibani, walimu wenzake wa zamani na wafanyakazi wa duka.

Dada, umetuumiza kwa kuondoka. Pumzika kwa amani, Chiriku amesubiri vya kutosha.