Birika la Mama Mdogo

Kijiwe chetu ni benchi la mbao nje ya chumba cha kinyozi, na kahawa yake huuzwa na mama yangu mdogo. Alasiri huenda darasa la Kiingereza la watu wazima. Jana mwalimu alimpa neno, diprishieti, yaani kitu kupungua thamani kadiri kinavyokaa. Leo atasimama mbele ya wenzake atoe sentensi moja ya kweli yenye neno hilo, kuhusu kitu cha nyumbani kwake. Akishindwa, anarudia darasa.

— Rahisi, alisema Dereva. Sema gari. Likikanyaga lami tu, limeshuka.

— Gari ninalo, shemeji?

— Hata sura inadiprishieti, alidakia Kinyozi. Mtazame Mstaafu.

— Koma! Mimi napanda. Siku hizi mtaa mzima unanisalimia.

— Wanarudia salamu, wanajua husikii! alijibu Kinyozi.

Benchi likatikisika kwa kicheko.

— Hata jua limeshuka, Kinyozi akaendelea. La utotoni lilikuwa linachoma kweli.

Dereva akapiga goti.

— Tunahangaika nini? Si birika hili! Limebonyea, limeungua, mdomo umechomelewa. Thamani ilishakufa, hii ni maiti tu!

Mama mdogo akainamisha macho. Ikabidi niseme, maana mambo ya kwetu sipendi yasemwe nusu. Mdomo aliuchomelea babu. Kishikio kilikuwa chuma cha baiskeli yake. Kwa birika hilo bibi alisomesha watoto watano. Wa sita, mama mdogo, aliachishwa shule ili alibebe. Ada ya darasa lake la sasa inatoka humo humo.

Mpita njia mmoja, begi begani, akarudisha kikombe chake.

— Samahani, mama. Ukiliuza hili, bei gani?

Dereva akamgeukia Mstaafu, ambaye enzi zake ofisini ndiye aliyepanga bei za samani chakavu. Mzee akainuka, akalizunguka birika, akakigusa kishikio. Akarudi kuketi.

— Hili bei yake siijui, mwanangu.

— Basi sentensi nimepata, alisema mama mdogo. Birika letu halijadiprishieti. Kama bei yake haijulikani, limeshuka kutoka wapi?

Akaijaribu kwa Kiingereza, taratibu. Akarudia. Mara ya pili ilinyooka, na Mstaafu akamvulia kofia.

— Niongezee kidogo basi, akasema Dereva, akinyoosha kikombe.

— Imekwisha, shemeji. Nachelewa shule.