Abundio Ledesma, Aliyetuliza Feni ya La Encarnada

Marehemu Abundio Ledesma alizaliwa tarehe 11 Julai 1951 karibu na Simoca, mkoani Tucumán, mtoto wa nne wa wakata miwa. Alisoma shule ya kijijini, kisha ya ufundi mjini Concepción, ambako alifukuzwa kwa ubishi na kurudishwa kwa kipaji.

Mwaka 1970 aliajiriwa na kiwanda cha sukari cha La Encarnada. Kazi yake ilikuwa kusawazisha kila kinachozunguka: alitafuta upande uliozidi uzito, akachomelea kipande cha chuma upande wa pili, mpaka mashine ikaacha kutetemeka. Hata mke alimpata hivyo. Cherehani ya Delfina Juárez ilikuwa ikitambaa mezani kama kaa; Abundio akaituliza kwa tone la risasi iliyoyeyushwa kwenye gurudumu. Walifunga ndoa tarehe 4 Machi 1978.

Mafundi wa La Encarnada wana desturi. Kabla ya kuwasha mashine iliyosawazishwa, huipiga kofi na kuiambia, "Mtetemo wako upeleke Santa Rufina," yaani kiwanda cha watani wao. Juni 2009, feni kubwa ya kuvuta moshi wa boila ilimsumbua kutwa, na wenzake wakamtania kwamba uzee umebisha hodi. Abundio akaipiga kofi, akacheka: "Haya, basi nipe mimi!"

Feni ikazunguka kimya. Jioni ile mikono yake ikaanza kutetemeka.

Daktari alisema ni maradhi ya uzeeni, akampa vidonge. Siku mikono ilipotulia, Bi Delfina alilia kwa furaha. Hajafuta machozi, king'ora cha kiwanda kikalia: feni ilikuwa inang'oa boliti zake, na watu wanafanya kazi chini yake. Mafundi waliipima, wasione uzito uliozidi popote. Abundio akavimwaga vidonge chooni. Mikono iliporudia kutetemeka, feni ikatulia.

"We Abundio, kwani umenioa mimi au umeoa feni?"

"Nimekuoa wewe, Delfina. Ile niliiahidi."

"Na ukifa, itamdai nani?"

Abundio alimkataza tu binti yao, Nieves, fundi umeme wa kiwanda hicho hicho, asije akaigusa. Hofu hiyo ndiyo iliyomnyima Bi Delfina usingizi miaka yote, wala si ugonjwa.

Abundio alifariki nyumbani asubuhi ya Jumatatu, 14 Agosti 2023, katikati ya msimu wa miwa, mikono imetulia juu ya shuka. Nieves alikuwa zamu. Wenzake wanasimulia kwamba feni ilianza kuruka, watu wakasongamana mlangoni hawana pa kupita, naye akapanda akaiwekea kiganja. Alichoiambia hawakukisikia. Wote walitoka salama.

Ameacha mjane wake Delfina, dada yake Ercilia, wajukuu wawili, na binti yake Nieves, aliyemwomba mjomba wake asome wasifu huu, kwa kuwa karatasi haitulii mikononi mwake.

Lala, Abundio. Mzigo umepokewa.